NYUMBA YA KIINUA MGONGO: UDONGO, KIVULI NA MAJI YA MVUA KATIKA KASESE NA BWERA

Askari wa jeshi au wa polisi anapokaribia kustaafu, shauri la kwanza linalozungumzwa nyumbani mwake huwa ni nyumba. Kwa miaka mingi jamaa yake wamekaa katika makao ya Serikali, leo kambi hii, mwakani kituo kile, na hawakupata kupanda hata mti mmoja kwa matumaini ya kula matunda yake. Kiinua mgongo hupokewa mara moja tu katika maisha. Fedha hizo zikitumiwa vibaya hazirudi tena. Kwa hiyo uamuzi wa kujenga nyumba ya namna gani, kwa vifaa gani, na juu ya ardhi ipi, si jambo dogo. Ni uamuzi ambao watoto na wajukuu wataishi ndani yake.

Kwa mtu wa Kasese au Bwera uamuzi huo ni mzito zaidi. Wilaya ya Kasese imelala chini ya milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109. Kutoka milimani hushuka mito yenye kasi: Mubuku, Nyamwamba, Nyamugasani, na Lhubiriha unaopita mpakani mwa Kongo karibu na Bwera. Uwandani, mjini Kasese, jua la ikweta huwaka sana na mchana joto hufikia nyuzi 30 za Selsiasi au zaidi. Tena ardhi yenyewe imo katika Bonde la Ufa la Magharibi, ambalo hutetemeka mara kwa mara. Nyumba ya huko, basi, hukabiliwa na maadui wanne: maji, joto, tetemeko, na upungufu wa kuni.

Jambo la kutia moyo ni kwamba dunia nzima sasa inatafuta namna ya kujenga bila kuharibu ardhi, maji na misitu, na mengi yanayosifiwa katika nchi za mbali yanaweza kufanywa na fundi mwashi wa Bwera kwa udongo wa kiwanja chake mwenyewe.

NYUMBA ZA WAZEE

Wakonzo wa milimani walijenga kwa kile walichokuwa nacho. Walisimika miti, wakafunga fito na mianzi kwa kamba za migomba, wakakandika udongo, kisha wakaezeka kwa nyasi. Nyumba ya namna hiyo haikuhitaji tanuru wala lori. Paa la nyasi lilizuia joto la mchana na baridi ya usiku, na ardhi ikitikisika fito zilipinda bila kuvunjika, hata watu wakapata nafasi ya kutoka nje salama.

Hata hivyo haifai kuisifu kupita kiasi. Mchwa hula miti yake. Mvua ya kupiga ubavuni huosha udongo wa ukutani, na baada ya miaka michache mwenye nyumba hana budi kukandika upya. Nyasi hushika moto kwa urahisi. Ndani huwa na giza, na moshi wa jikoni hauna pa kutokea. Ndiyo sababu vijana wengi, mara wapatapo fedha, huikimbilia nyumba ya matofali na mabati. Hawakukosea kutaka nyumba ya kudumu. Lililobaki ni kuangalia gharama ya udumu huo, na nani anayeilipa.

TOFALI LA KUCHOMA LINAPOKULA MLIMA

Karibu kila mahali Uganda ya Magharibi tofali linalojulikana ni la kuchoma. Udongo huchimbwa bondeni, hukandwa, hufyatuliwa, hukaushwa, kisha hupangwa kuwa tanuru na kuchomwa kwa magogo siku na usiku. Tanuru la namna hii halina ukuta wa kuzuia joto, na sehemu kubwa ya moto huishia hewani. Matofali ya kando hutoka mabichi, na ya katikati mara nyingine huungua na kupinda. Kuni zilizotumika hazirudi, na shimo lililoachwa bondeni hujaa maji na kuwa makao ya mbu.

Kuni hizo hutoka wapi? Misitu ya juu imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, iliyoanzishwa mwaka 1991 na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994. Miti humo hairuhusiwi kukatwa ovyo. Kwa hiyo shoka huangukia mikalitusi ya mashambani na miti iliyosalia kwenye miteremko ambako watu wanalima na kukaa. Mbao nazo, nyingi huvuka mpaka pale Mpondwe zikitoka Kongo, na bei yake humkumbusha mnunuzi kwamba mti si kitu cha kuchezea.

Mteremko ukivuliwa miti, maji ya mvua hayana cha kuyazuia. Watu wa Kasese hawahitaji kusomewa jambo hili vitabuni. Tarehe 1 Mei 2013 hawataisahau: mto Nyamwamba ulifurika, ukabingirisha mawe makubwa, ukabomoa nyumba na madaraja, na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mwaka uliotangulia moto ulikuwa umeteketeza mimea katika sehemu ya juu ya bonde hilo. Mwaka 2014 mto ulifurika tena. Mwezi wa Mei 2020 mito kadhaa ya wilaya ilivunja kingo zake kwa pamoja, na hospitali ya Kilembe ikapigwa mara nyingine. Mwezi wa Septemba 2022 ardhi iliporomoka katika kijiji cha Kasika, kata ya Rukoki, na kuua watu wasiopungua 15, wengi wao akina mama na watoto.

Si haki kulaumu tanuru peke yake kwa misiba hiyo. Mvua kubwa, miteremko mikali, na kulima hadi ukingo wa mto vina sehemu yake. Lakini kila mti unaookolewa mlimani ni mzizi mmoja unaoshika udongo, na mwenye kujenga anaweza kuanza hapo.

MAHALI PA KUJENGA

Kabla ya kuzungumza juu ya tofali, yafaa kuzungumza juu ya kiwanja. Nyumba nzuri iliyojengwa mahali pabaya ni hasara tupu. Kiwanja cha ukingoni mwa mto huuzwa bei nafuu, tena kina rutuba na maji karibu. Lakini mto ni mwenye kiwanja cha kwanza, na siku moja huja kudai chake. Mawe ya mviringo yaliyotapakaa shambani ni ushahidi kwamba maji yaliwahi kupita hapo. Wazee wa kijiji waulizwe: maji yalifika wapi mwaka 2013? Yalifika wapi mwaka 2020? Jibu lao lina thamani kuliko maneno ya dalali.

Juu ya mteremko pia kuna dalili za kuangalia. Nyufa ndefu ardhini, miti iliyoinama yote upande mmoja, chemchemi mpya inayotokea mahali palipokuwa pakavu, vyote hivyo huonya kwamba ardhi inatembea. Anayelazimika kujenga mlimani asikate ukuta mrefu wa udongo nyuma ya nyumba bila kuuegemeza kwa mawe. Achimbe mfereji wa kupitisha maji ya mvua mbali na msingi. Na mteremko ulio juu yake aupande miti na majani ya kushika udongo.

TOFALI LISILOKULA KUNI

Katika miaka ya 1950, mhandisi mmoja aliyeitwa Raúl Ramírez alibuni mashine ndogo ya mkono katika kituo cha utafiti wa nyumba mjini Bogotá, nchini Colombia. Mashine hiyo iliitwa CINVA-Ram. Ilikuwa sanduku la chuma lenye mtaimbo mrefu. Udongo uliochanganywa na saruji kidogo uliwekwa ndani, mtu akavuta mtaimbo kwa nguvu zake, na tofali likatoka limeshikamana, tayari kuanikwa kivulini bila kuchomwa. Mashine hiyo ilienea duniani. Nchini India, Taasisi ya Udongo ya Auroville imefundisha mafundi wa nchi nyingi ufundi huu tangu mwaka 1989.

Katika Afrika Mashariki tofali hilo liliboreshwa likapewa ulimi na mfuo, ili moja lishikamane na jingine. Mafundi huliita tofali la kufungamana. Mashine zake hutengenezwa Nairobi na Afrika ya Kusini, na huko Kampala Dakta Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni tofali lililopinda, ambalo hujenga matangi ya maji ya duara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi nalo limeyaeneza matofali haya nchini Uganda kwa ajili ya shule na nyumba.

Kazi yenyewe yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Udongo wa juu wenye mizizi na mbolea huondolewa, kwa kuwa huoza. Unaotakiwa ni ule wa chini yake. Kwanza upimwe. Fundi hutia udongo katika chupa ya kioo hadi nusu, akaongeza maji na chumvi kidogo, akatikisa, kisha akaacha utulie. Mchanga hushuka kwanza, halafu udongo laini, na mfinyanzi hukaa juu. Mchanga ukiwa sehemu kubwa na mfinyanzi ukiwa kiasi, udongo huo unafaa. Mfinyanzi ukizidi, huongezewa mchanga. Kipimo cha pili ni kisanduku chembamba cha mbao: hujazwa udongo ulioloweshwa, huachwa ukauke, na fundi hupima umesinyaa kiasi gani. Udongo unaosinyaa kidogo hutosheka na sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 18 za udongo. Unaosinyaa sana huhitaji hata 1 kwa 12.

Udongo huchekechwa, huchanganywa na saruji ukiwa mkavu, kisha hunyunyiziwa maji kidogo tu. Fundi huufinya donge mkononi na kuliangusha kutoka usawa wa kifua. Likipasuka vipande vinne au vitano, maji yametosha. Likisambaratika lote, maji ni haba. Likibaki donge moja, yamezidi. Mchanganyiko utumike mara moja kabla saruji haijaanza kushika. Matofali yakitoka mashinini hufunikwa kwa nailoni au nyasi, humwagiwa maji kwa muda wa juma moja, na huachwa yakomae hadi siku 28.

Mwenye kujenga hupenda kujua hesabu. Tofali la kawaida la aina hii lina urefu wa sentimita 26.5, upana wa 14 na kimo cha 10, na uzito wake ni karibu kilo 8. Kwa kipimo cha 1 kwa 16, kila tofali hula saruji karibu nusu kilo; basi mfuko wa kilo 50 hutoa matofali kama 100. Mita moja ya mraba ya ukuta huhitaji matofali kama 38. Nyumba yenye kuta za mita za mraba 90, za nje na za ndani pamoja, huhitaji matofali yapatayo 3,400, yaani mifuko 34 ya saruji kwa matofali yenyewe. Gogo hata moja halichomwi. Na kwa sababu matofali yanafungamana, mota ya kuyaunganisha ni nyembamba mno, na ukuta ukinyooka vizuri hauhitaji lipu.

Yapo mambo ya kuonya. Mashine ina bei kubwa, wala haina maana kwa mtu mmoja kuinunua ajenge nyumba moja kisha iote kutu. Ni afadhali chama cha ushirika, kikundi cha akina mama, au askari kadhaa wanaostaafu pamoja wachange, au waikodi. Tena fundi asiyepima udongo, au anayeiba saruji, hutoa tofali linalomomonyoka mvua ya kwanza. Anayelipa akae karibu na kazi, ahesabu mifuko, na amwage maji mwenyewe ikibidi.

ARDHI INAPOTIKISIKA

Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko kubwa lilipiga eneo la Toro na sehemu za Kongo zinazopakana nalo. Watu zaidi ya 100 walikufa na maelfu ya nyumba yakaharibika. Mwezi wa Februari 1994 tetemeko jingine lilibomoa nyumba katika eneo la Fort Portal. Tetemeko lenyewe ni nadra kumuua mtu aliye uwanjani. Kinachoua ni ukuta na paa.

Ukuta mzito usiofungwa huanguka kama vitabu vilivyopangwa mezani. Kwa hiyo nyumba ya matofali, yawe ya kuchoma au ya kukandamizwa, hapana budi ivishwe mkanda: lenta ya zege yenye nondo inayozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha, bila kukatika. Pembeni na penye makutano ya kuta, nondo zisimame toka msingi hadi lenta. Tofali la kufungamana lenye matundu hurahisisha kazi hiyo. Madirisha yasiwe karibu mno na pembe za nyumba. Vyumba viwe vya kadiri, na ukuta mrefu upate ukuta wa kuuegemeza. Paa liwe jepesi, na kenchi zifungwe barabara kwenye lenta.

Nchi ya Nepal, baada ya tetemeko la Aprili 2015, ilijenga upya nyumba nyingi za vijijini kwa matofali ya udongo ya kufungamana yenye nondo ndani. Nepal ni nchi ya milima, yenye barabara mbovu na wakulima wa kipato kidogo. Mkazi wa Bukonzo angeona huko mambo mengi anayoyafahamu.

JOTO NA KIVULI

Askari polisi wengi nchini Uganda wanavijua vibanda vya duara vya mabati vinavyoitwa unipoti. Vilikuwa rahisi kusimamisha, lakini aliyelala humo anajua kwamba mchana ni tanuri na usiku wa manane ni barafu. Bati halihifadhi joto wala halilizuii, hulipitisha tu. Ukuta mnene wa udongo hufanya kinyume. Hunywa joto polepole mchana kutwa, na kabla halijafika ndani jua limekwisha tua.

Kasese na Bwera ziko karibu mno na mstari wa ikweta. Huko jua huchomoza na kutua upande wa mashariki na magharibi mwaka mzima bila kupotoka sana, na mchana huwa utosini. Kutokana na hayo fundi hupata kanuni tatu. Kwanza, nyumba ilale mashariki na magharibi: kuta fupi zitazame macheo na machweo, na kuta ndefu zenye madirisha zitazame kaskazini na kusini. Pili, paa lijitokeze nje kiasi cha sentimita 60 au zaidi, litie kuta kivuli na kuzikinga na mvua. Tatu, madirisha yakabiliane, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Na juu karibu na dari yaachwe matundu ya kutolea hewa moto, yaliyozibwa kwa wavu wa kuzuia mbu.

Paa la mabati lisilo na dari ndilo chanzo kikubwa cha joto. Huko Gando, kijiji cha Burkina Faso, mzaliwa wa hapo aitwaye Francis Kéré alijenga shule ya msingi mwaka 2001 kwa matofali ya udongo yaliyotiwa saruji kidogo, wanakijiji wakishiriki kazi. Juu ya dari ya matofali aliliinua paa la mabati likaelea peke yake, hewa ikapita katikati. Bati lilichomwa na jua, lakini joto lake halikuwafikia watoto. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo heshima kuu ya wasanifu majengo duniani. Mjini Harare, jengo la Eastgate lililofunguliwa mwaka 1996 hupozwa kwa hewa baridi ya usiku inayopitishwa ndani ya sakafu na kuta zake nzito. Mwenye nyumba ndogo hawezi kuiga jengo hilo, lakini anaweza kuweka dari, hata ya mikeka ya matete, na kuacha nafasi ya hewa juu yake.

Mti nao ni sehemu ya nyumba. Mwembe au mparachichi ukipandwa upande wa magharibi, umbali wa kutosha ili mizizi isifike msingini, utazuia jua kali la alasiri na kuwapa watoto matunda.

MAJI YA PAANI

Ni ajabu kwamba jamaa hutembea masafa marefu kuchota maji wakati maji safi yanamwagika kutoka paani na kuchimba mitaro uani. Nyumba ya mita 6 kwa 8 yenye paa lililojitokeza sentimita 60 kila upande ina paa la mita za mraba 66 hivi. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake huleta lita 660. Hata ikipotea sehemu moja kwa tano, zinabaki lita zaidi ya 500, yaani madumu 26 ya lita 20. Tangi la lita 6,000 likijaa, jamaa ya watu sita wanaotumia lita 20 kila mtu kwa siku watakaa nalo siku 50.

Mifereji ya paani isafishwe kabla ya masika. Maji ya mvua ya kwanza, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yaachwe yamwagike. Tangi lifunikwe vizuri mbu wasitage, na maji ya kunywa yachemshwe. Maji yakiingia tangini hayachimbi msingi wala hayateremki kwa jirani wa chini. Hivyo tangi moja hulinda nyumba mbili.

JIKO LA MAMA

Nyumba haiwezi kuitwa bora ikiwa mama wa nyumbani anapika akitokwa machozi. Moshi wa kuni huumiza mapafu ya akina mama na watoto wachanga wanaobebwa mgongoni. Jiko la mafiga matatu hupoteza moto mwingi pembeni. Jiko lililojengwa kwa udongo, lenye mdomo mdogo, matundu mawili ya sufuria na bomba la kutoa moshi nje, hula kuni chache. Linaweza kujengwa kwa udongo uleule wa matofali ukichanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa.

Kasese iliwahi kujitokeza mbele katika jambo hili. Mwaka 2012 wilaya hiyo, ikishirikiana na Shirika la WWF, ilianza mpango wa kueneza umeme wa jua, majiko bora na nishati nyingine zisizochafua. Taa moja ya jua sebuleni huondoa koroboi, nayo koroboi ikiondoka huondoka masizi darini na hatari ya moto kitandani.

SARUJI NAYO INA HESABU YAKE

Watu wa Kasese wanakijua kiwanda cha saruji cha Hima, kilichomo wilayani mwao. Saruji ni kitu cha lazima katika msingi, lenta na tangi. Lakini kuitengeneza huhitaji kuchoma mawe ya chokaa kwa joto la nyuzi kama 1,450, na mawe yenyewe hutoa hewa ya kaboni yanapoungua. Kwa jumla viwanda vya saruji duniani hutoa takribani asilimia 7 au 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu. Kiwanda cha Hima kimekuwa kikitumia maganda ya kahawa na mpunga kuwa sehemu ya kuni zake, na huchanganya saruji na majivu ya volkano, kama Warumi walivyofanya karibu miaka 2,000 iliyopita. Mjenzi kwa upande wake atumie saruji pale inapohitajika nguvu, na udongo pale unapotosha.

MIFANO ILIYO KARIBU

Wapo watakaosema kwamba nyumba ya udongo ni ya maskini. Wataje basi hospitali ya upasuaji wa watoto iliyofunguliwa Entebbe mwaka 2021. Mchoraji wake ni Renzo Piano wa Italia, mmoja wa wasanifu mashuhuri kabisa duniani, na kuta zake ni za udongo uliochimbwa papo hapo na kushindiliwa. Juu ya paa imepangwa mitambo ya umeme wa jua. Huko Butaro, kaskazini mwa Rwanda, hospitali iliyofunguliwa mwaka 2011 ilijengwa kwa mawe ya volkano ambayo wakulima walikuwa wakiyatupa pembeni mwa mashamba. Kuta za mawe hayo sasa hutazamwa na wageni kutoka nchi za mbali.

Lakini lipo pia funzo la kutahadharisha. Katika miaka ya 1940 msanifu wa Misri, Hassan Fathy, alijenga kijiji kizima cha matofali ya udongo, Gourna Mpya, karibu na Luxor. Kilikuwa kizuri, ila wanakijiji waliokusudiwa hawakutaka kuhamia, na nyumba nyingi zikabaki tupu. Nyumba hujengwa pamoja na watu wake. Mume asiamue peke yake mjini halafu akamletea mkewe ramani. Mke ndiye ajuaye jiko likae wapi, maji yapite wapi, na mtoto mgonjwa alazwe chumba kipi.

Anayestaafu, basi, afanye mambo kwa utaratibu. Mwaka mmoja kabla ya kupokea fedha, atembelee kiwanja wakati wa mvua nyingi na aone maji yanapita wapi. Apime udongo. Apande miti kabla ya kuchimba msingi. Amtafute fundi aliyekwisha jenga, na akazikague kazi zake za miaka mitano iliyopita, si za mwezi uliopita. Aanze na vyumba viwili vilivyofungwa lenta kamili na tangi la maji, badala ya vyumba sita vinavyongoja paa kwa miaka kumi huku mvua ikila kuta. Vyumba vingine vitaongezwa kila fedha ipatikanapo, kwa udongo uleule na mashine ileile ya kikundi.